Kitabu cha Alasiri, Tamthilia ya Usiku

Tangu macho ya mke wangu yapungue nuru kwa presha ya macho, nyumba yetu hapa Tanga imepata utaratibu ambao hatukuupanga. Alasiri, jua likishapinda na kibaraza cha nyuma kikapata kivuli, mimi humsomea kitabu. Usiku, baada ya chakula, yeye ndiye hunisimulia televisheni. Msomaji asishangae kusikia kwamba asiyeona vizuri humsimulia anayeona. Mimi nikikaa mbele ya televisheni husinzia, na nikizinduka sijui tena nani ni mke wa nani. Yeye husikiliza tu, lakini hapotezi uzi. Akisikia mlio wa kiatu tu hujua ni yupi aliyeingia chumbani.

Wa tatu katika baraza hilo ni binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Alitoka milimani, upande wa Lushoto, akiwa na miaka 16, baada ya kuishia kidato cha pili. Sasa ana miaka 18. Ananiita babu na mke wangu anamwita bibi, nasi tukiulizwa na wageni husema, "Huyu ni mtoto wetu." Alasiri huja na ungo wake wa mchele, akakaa kizingitini akichagua mawe, nami nasoma. Kwa muda mrefu sikumhesabu kuwa miongoni mwa wasikilizaji wangu. Nilidhani anachagua mchele tu.

Katika miezi hii ya karibuni, kitabu cha alasiri kilikuwa *Peponi*, na tamthilia ya usiku ilikuwa *Sultan*. Sikuviteua viwili hivi kwa kuvilinganisha. Kitabu niliteua mimi, tamthilia waliiteua wao, na vikakutana nyumbani kwangu kama wasafiri wawili waliopewa chumba kimoja katika nyumba ya wageni. Haukupita muda nikaona kwamba vinasimulia jambo moja, tena vinagombana.

Nianze na kitabu. *Peponi* ni tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise*, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaishi na kufundisha Uingereza. Wengi wetu tulianza kulisikia jina lake Oktoba 2021 alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka uliofuata, 2022, Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri hii, kazi ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo hadithi ya watu wa pwani yetu ilikaa katika lugha ya Kiingereza miaka 28 kabla ya kurudi katika lugha ambayo watu wenyewe wa hadithi hiyo wangeisema.

Nilikwisha kuisoma kwa Kiingereza zamani, wakati nikifundisha, katika nakala ya kuazima. Wakati ule niliipenda kama mwalimu wa historia anavyopenda kitabu cha namna hiyo. Nilikumbuka msafara wa kwenda bara, wapagazi, mnyapara mkali, mtemi wa ng'ambo ya ziwa aliyewanyang'anya mali zao, na Wajerumani wakikaribia siku hadi siku. Ungeniuliza ni hadithi ya nini, ningekujibu kwamba ni hadithi ya biashara ya pwani na bara ilivyokufa kabla ya vita vya 1914. Jibu hilo si la uongo, na katika mtihani lingepata maksi. Lakini sasa naona kwamba nilikisoma kitabu kile kama mtu anayetazama nyumba kwa nje, akahesabu madirisha, akaenda zake.

Kusoma kwa sauti ni jambo jingine. Jicho huweza kuruka mstari, ila mdomo hauwezi. Tena nikisoma kwa Kiswahili, mke wangu alikuwa akinikatiza kila mara kwa furaha. Alisema kwamba mabishano ya wale wazee, matusi yao ya mzaha, na namna wanavyomtaja Mungu katikati ya kusengenya, ni kama baraza la babu yake. Kuna mahali Kalasinga, fundi wa Kihindi mwenye kilemba, anatangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na rafiki zake wanamcheka kwa kuwa hata hicho Kiswahili chenyewe hakijui sawasawa. Mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikawaza kwamba utani huo, kwa Kiingereza, ulikuwa unasimuliwa kwa watu wasioweza kusikia Kiswahili kibovu cha Kalasinga. Kwa Kiswahili, utani umefika kwa wenyewe.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Yusuf ni mtoto wa miaka 12 anayeishi na wazazi wake katika mji mdogo wa bara uitwao Kawa, ambako baba yake ana hoteli isiyokwenda vizuri. Mara kwa mara hupita kwao tajiri mmoja wa pwani, Aziz, mtu mtaratibu, anayenukia vizuri. Yusuf amefundishwa kumwita kwa jina la udugu, kama ndugu wa mzazi wake, na kila akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Siku moja wazazi wanamwambia Yusuf kwamba atasafiri na mgeni huyo kwa gari moshi. Anafurahi, maana mtoto gani hapendi gari moshi? Anapofika pwani analazwa kwenye baraza la duka pamoja na kijana mwingine, Khalil. Huyo ndiye anayemweleza kwamba Aziz si ndugu yake hata kidogo, na kwamba anapaswa kumwita Seyyid kama wengine. Baba yake anadaiwa, akashindwa kulipa, akamtoa mtoto. Yusuf ni rehani, na Khalil naye ni rehani. Nyuma ya duka, ndani ya ukuta, kuna bustani ya ajabu, imegawanywa sehemu nne, ina birika la maji katikati. Ndiyo pepo ya kitabu hiki, na mwenyewe ni tajiri.

Sasa nije kwenye tamthilia. *Sultan* ni jina walilolizoea watazamaji wa Tanzania, ilipooneshwa ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Kwao Uturuki inaitwa *Muhteşem Yüzyıl*, na ilioneshwa huko kuanzia 2011 hadi 2014. Inahusu zama za Sultani Süleyman, aliyetawala dola ya Waturuki wa Osmani kuanzia 1520 hadi 1566. Nyumbani kwetu tuliipata safari hii katika flashi ya jirani, sehemu baada ya sehemu, na kuna siku zilioneshwa tatu kwa usiku mmoja, mpaka chai ya asubuhi ikachelewa.

Kiini cha tamthilia ni msichana aliyetekwa kwao, upande wa kaskazini ya Bahari Nyeusi, akapelekwa Istanbul, akaingizwa katika nyumba ya wanawake ya Sultani. Anafika analia na kupiga kelele. Anabadilishwa dini na jina, anakuwa Hürrem. Kwa uzuri, kwa akili na kwa ujeuri anaushinda moyo wa Sultani, anamzalia watoto, na mwisho anaolewa kwa ndoa halali, jambo ambalo lilishangaza watu wa zama zile hata katika historia ya kweli. Wapinzani wake wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Mke wangu na yule binti walimshangilia kama wanavyoshangiliwa wachezaji wa mpira. Alipokuwa akimjibu mtu kwa kiburi, kibaraza kizima kilisikika kikisema, "Mwambie! Mwambie huyo!"

Sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaodhani kwamba kila kilichomo katika kitabu ni hekima na kila kilichomo katika televisheni ni upuuzi. Tamthilia ile imetengenezwa kwa kazi kubwa. Mavazi yake, majumba yake, namna wanavyoinama na kurudi kinyumenyume bila kumpa Sultani kisogo, vyote vinaeleza utawala kuliko kurasa nyingi za vitabu vya shule. Nao Watanzania walioingiza sauti za Kiswahili wanastahili sifa. Zamani tulizoea kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na asiyejua kusoma au asiyeona, kama mke wangu sasa, alibaki nje. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, na watu wakagundua kwamba mama mkwe wa Beijing anaweza kuzungumza kama mama mkwe wa Buguruni. Kwa kipofu, jambo hilo si dogo.

Tamthilia ina ukweli wake pia. Yuko İbrahim, aliyekuwa mtumwa, akawa rafiki wa Sultani, akala naye meza moja, akafanywa waziri mkuu, na mwaka 1536 akauawa kwa amri ya bwana yuleyule aliyempandisha. Mke wangu alinyamaza usiku ule. Baadaye akasema, "Cha kupewa kina mwenyewe." Kama tamthilia nzima ingekuwa na moyo wa sehemu ile, ningesimama na kuipigia makofi.

Lakini haina. Kosa lake naliona hapa. Nyuma ya Hürrem kuna wasichana wengi, na wote wametekwa au wamenunuliwa kama yeye. Wanapita na sinia za matunda. Wanamwaga maji ya kuoga. Wanasimama kando ya mlango, mikono wameikunja mbele. Kamera haiwaulizi lolote. Yuko towashi Sümbül, ambaye tamthilia inamfanya kichekesho. Anahangaika huku na huku, anapiga kelele, anatufurahisha. Ni nani anakumbuka, akicheka, kwamba mtu yule alikatwa utotoni ili aweze kuaminiwa katika chumba cha wanawake? Tamthilia inatufundisha kumtazama mmoja aliyepanda, na kwa kumtazama yeye tukasahau ngazi imeegemezwa juu ya nini. Tunatoka tukisema, "Mwenye akili hata utumwani atafika." Ni maneno matamu, na mtu anayeyafurahia kuliko wote ni mwenye watumwa.

Hapo ndipo kitabu kinapogombana na televisheni. Wasomaji wa pwani watatambua mara moja Gurnah ameazima wapi mifupa ya hadithi yake. Ni kisa cha Nabii Yusuf: mtoto mzuri, mwenye ndoto, anayetolewa kwao na watu wake mwenyewe, akaingia katika nyumba ya mkubwa ambaye Kurani inamwita Aziz. Mke wa mkubwa yule anamtamani, anamshika, na nguo inachanika kwa nyuma. Yote hayo yamo katika riwaya, hata nguo iliyochanika. Lakini katika kisa cha Nabii, Yusuf anapanda. Anatoka gerezani, anakabidhiwa hazina za Misri, na ndugu zake wanamjia kuomba chakula. Yusuf wa Gurnah hapandi popote. Hakuna ndoto inayomfungulia mlango. Gurnah amechukua kisa kile akakinyima sehemu inayotufariji, na anatulazimisha kukaa na kile kilichotangulia: kwamba mtoto alitolewa, kwamba waliomtoa walikuwa wazazi wake, na kwamba aliyempokea alikuwa mtu mwenye adabu.

Hilo la adabu ndilo lililonichoma. Ingekuwa rahisi kumchora Aziz kama katili. Siye. Hapigi kelele, hatukani, anasali, anampa mtoto sarafu. Hata mwishoni anazungumza na Yusuf kwa upole. Nimesoma riwaya nyingi za Kiswahili ambamo mnyonyaji hutambulikana kwa kitambi na sauti ya ukali, nasi walimu tulizipenda kwa kuwa zilikuwa rahisi kusahihisha. Aziz ni mgumu zaidi, kwa sababu akikukaribisha chai utakwenda.

Kitabu nacho si malaika. Kina dosari, na mke wangu ndiye aliyeitaja. Amina, ambaye Khalil anamwita dada, na ambaye naye aliingia katika nyumba ile kwa njia ya deni mpaka tajiri akamwoa, anafika katika hadithi amechelewa mno. Tunasikia habari zake nyingi kwa kinywa cha Khalil kabla hajajisemea mwenyewe. Anapojisemea, maneno yake machache ni mazito kuliko kurasa nyingi za safari ya bara. "Huyu ndiye ningependa anisimulie tangu mwanzo," mke wangu alisema. Namwunga mkono. Tamthilia ya Kituruki, pamoja na makosa yake yote, angalau imempa msichana aliyetekwa nafasi ya kupiga kelele tangu siku ya kwanza.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya niandike kurasa hizi, ambalo ningeweza kuliacha kama ningetaka kuonekana mhakiki tu.

Ilikuwa siku ya pili au ya tatu ya kusoma. Nilikuwa nimefika pale Yusuf anapopanda gari moshi, naye hajui bado. Nilifunga kitabu nipate kunywa maji. Binti akauliza kutoka kizingitini, macho yako kwenye ungo:

"Babu, kwani yule mtoto anajua kama amewekwa?"

"Amewekwa vipi?"

"Amewekwa badala ya deni."

Nikamwambia kwamba bado, ila ataambiwa na kijana mwenzake huko dukani. Alipepeta ungo mara mbili tatu, kisha akasema, "Afadhali angeambiwa nyumbani."

Hakuongeza neno. Mimi niliendelea kusoma, lakini sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Usiku ule, televisheni ilipozimwa, mke wangu aliniuliza gizani, "Ulimsikia?" Nikasema nilimsikia.

Lazima nieleze. Kabla binti huyu hajaja kwetu, baba yake, ambaye tulifahamiana naye kwa miaka mingi kwa sababu alikuwa akituletea maharage na matunda ya milimani, alikuja kuniomba mkopo wa kununua mabati thelathini na misumari yake. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi na masika yalikuwa yanakaribia. Nilimpa. Miezi ikapita, mazao yakamtupa, hakuweza kulipa. Alipokuja kuomba radhi, ni mimi, wala si yeye, niliyesema kwamba nasi hapa tunahitaji msaada kwa kuwa macho ya bibi yanapungua, na kama ana binti aliyemaliza masomo, basi aje, na nusu ya mshahara wake tutakuwa tunakatana mpaka deni liishe. Tulipeana mikono. Baba alinishukuru sana. Tulikunywa chai. Sikumwuliza binti, kwa sababu hakuwepo. Alipofika na kifurushi chake tulimpokea vizuri, tukampa chumba chenye dirisha, naye akatuita babu na bibi tangu siku ya kwanza. Alikuwa amefundishwa.

Miaka miwili yote hiyo sikuwahi kulitumia neno rehani. Nilisema "kusaidiana". Nilisema "kukatana". Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nami nilimfundisha methali hiyo darasani zaidi ya mtoto mmoja, lakini sikupata kujiuliza kwamba matanga hayo huliwa na nani. Aliyecheza harusi ni baba, na anayekaa matanga ni mtoto.

Kesho yake nilikwenda kulitazama daftari langu la matumizi. Deni lile lilikuwa na ukurasa wake, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: tarehe, kilichokatwa, salio. Juu ya ukurasa nilikuwa nimeandika jina la binti. Jina la baba yake halikuwamo mahali popote.

Siwezi kusema kwamba nilishtuka kwa sababu ya fasihi. Watu husema kitabu kimewabadilisha, nami huwa siwaamini sana. Ninachoweza kusema ni kwamba kitabu kilikuwa kimeniwekea neno mezani, na neno likishawekwa mezani huwezi kula huku unalikwepa. Tamthilia haikufanya hivyo. Ilikuwa inazungumza habari za watumwa kila usiku, sebuleni kwangu, mbele ya binti yule, na hakuna hata mmoja wetu aliyejikuna. Utumwa wa *Sultan* umevaa hariri. Uko mbali, uko Istanbul, na mwisho wake ni taji. Rehani ya Yusuf imelala kwenye baraza la duka, juu ya mkeka, katika mji ambao ukisimama kizingitini kwangu unaweza kudhani unauona.

Nilingoja siku chache, kisha nikaamua kufanya jambo nililoliona la kiungwana. Baada ya chakula cha usiku nilimwita binti, nikapunguza sauti ya televisheni, nikamwambia kwa maneno ya taratibu kwamba deni la baba yake nimelisamehe, na kuanzia mwezi ule atapokea mshahara wake wote mkononi. Nakiri kwamba nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa.

Alisema, "Ahsante, babu." Akakaa kimya kidogo. Kisha, kwa heshima ileile, akauliza, "Na zile zilizokwisha katwa?"

Mke wangu alicheka. Hakunicheka kwa ubaya, lakini alicheka. Halafu akasema, "Umemsamehe nani, mwalimu? Deni halikuwa lake."

Ndipo nikamkumbuka Mzee Hamdani. Katika *Peponi* yeye ndiye mtunza bustani, mzee asiyesema sana, mtumwa tangu zamani. Bibi mwenye nyumba alipotaka kumpa uhuru kama zawadi, mzee alikataa kuupokea. Hoja yake, ukiipunguza mpaka mfupa, ni kwamba mtu hawezi kutoa zawadi kitu ambacho hakikuwa chake. Niliposoma mahali pale kwa sauti, siku chache tu kabla, nilisimama na kumwambia mke wangu kwamba hapo ndipo moyo wa riwaya ulipo. Nilieleza vizuri sana. Nilitaja hata tofauti ya uhuru wa sheria na uhuru wa nafsi. Na baada ya maelezo yote hayo niliinuka nikaenda kufanya kosa lilelile alilolifanya bibi wa kitabuni, tena kwa kupunguza sauti ya televisheni ili nisikike.

Tumekimaliza kitabu wiki iliyopita. Mwisho wake umewagawa wasomaji tangu ulipotoka. Wajerumani wanapita na askari wao wakikamata watu kuwa wapagazi, Yusuf anajificha dukani asionekane, na wanapokwisha kupita, anasikia nyuma yake mlango wa bustani unafungwa, naye anakimbia kuwafuata askari walewale. Zamani niliuona mwisho huo kuwa wa kukata tamaa kabisa: mtoto anatoka kwa bwana mmoja anakwenda kwa bwana mwingine, mbaya zaidi. Mke wangu anauona vivyo hivyo, tena anamlaumu Yusuf kwa kumwacha Amina. Binti, ambaye sasa hukaa kwenye kiti wala si kizingitini, ingawa mchele bado anauchagua, alisema kwamba Yusuf hakuwachagua askari. Alichagua kukimbia, na barabara ilikuwa moja. Nimelifikiria neno hilo kwa siku kadhaa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata jibu zuri kama hilo katika karatasi ya mtihani.

Kwa hiyo, msomaji, ukiniuliza kama nakushauri usome *Peponi*, nakushauri, na uisome kwa sauti, mbele ya watu wa nyumba yako, wote, hata wale unaodhani wanachagua mchele tu. Ukiniuliza kama uache kutazama tamthilia, sikushauri hivyo. Sisi hatujaacha. Jana tu Hürrem amemjibu mtu maneno ya kumkata, na kibaraza kimeshangilia. Ila siku hizi, wasichana wa sinia wanapopita nyuma yake, binti huwahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Alianza kama mchezo. Mke wangu, ambaye hawaoni, humwuliza, "Wangapi leo?"

Daftari langu nalo limepata ukurasa mpya. Nimejumlisha yote niliyoyakata katika miaka miwili, na kwa pensheni yangu siwezi kuyarudisha kwa mkupuo, kwa hiyo tumepatana nitalipa kidogo kidogo kila mwezi. Anataka kurudi kusoma, afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na fedha hizo ndizo za ada. Juu ya ukurasa huo limeandikwa jina langu. Tarehe, kilicholipwa, salio. Anaandika yeye.